Zaros alionewa au alivuna alichopanda? Miaka 20 nasoma hekaya za RuneScape na bado sijalala

#1 Mzee_wa_Varrock

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta jambo ambalo mke wangu amekataa kulisikiliza na wanangu wananicheka nalo. Katika dunia ya RuneScape, yule Zaros alionewa, au alivuna alichopanda?

Kwa asiyejua: RuneScape ni gemu la mtandaoni lililoanza Januari 2001 kule Uingereza, kazi ya Andrew Gower na ndugu zake. Unaanza kama mtu hohehahe. Unakata miti, unavua kamba, unachimba madini, unapiga majitu. Wengi waliishia hapo. Mimi niliingia 2005 nikiwa kidato cha tatu, Tanga, saiba ya karibu na stendi, shilingi 500 kwa saa, na kilichonishika si kamba wala shoka. Ni maneno. Kila mtu uliyembofya kule alikuwa na la kusema. Mpishi wa Lumbridge ana shida zake, padri ana mzimu makaburini, wachawi wana mnara uliowahi kuungua na siri zao zikaungua nao.

Sasa, magharibi mwa mji wa Falador kuna geti. Ng'ambo ya geti ni Taverley, na Taverley ni ya memba tu. Umemba ulikuwa dola 5 kwa mwezi, kwa kadi ya benki. Kijana wa Tanga, 2005, kadi ya benki anaitoa wapi? Nilisimama kwenye lile geti mara nyingi kuliko nilivyosimama mstarini shuleni. Kwa hiyo niliyoshindwa kuyacheza nikayasoma. Kwesti (kazi yenye hadithi yake) ya Desert Treasure ilitoka Aprili mwaka huohuo. Niliiprinti kurasa 11, nikaikariri kama shairi, nikaja kuicheza kwa mkono wangu mwaka 2014.

Huko ndiko nilikokutana na Zaros. Aliwahi kuwa mungu mwenye himaya kubwa kuliko wote. Jemadari wake, Zamorak, akamchoma na fimbo ya Armadyl, mungu mwingine, Zaros akapotea, ndipo vita vya miungu vikaanza na kudumu karibu miaka 4000. Kisha washindi wakafuta jina lake. Yaani unatembea Varrock nzima hakuna anayemjua, na mji wake mkuu Senntisten umefukiwa hapo jirani tu, chini ya machimbo ya Digsite. Waliobaki wanamkumbuka ni wale majambazi wa jangwani. Ukiingia kambini kwao umevaa nguo ya Saradomin, mungu mwingine, au ya Zamorak wanakushambulia bila salamu. Wewe hujui umewakosea nini. Wao wanajua.

Msimamo wangu: alionewa. Karibuni mnikosoe.

#2 kibandaumiza07

Nimeona "Tanga" na "Zaros" nikajua Coastal Union wamesajili mshambuliaji.

#3 Fundi_Saiba

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kaunta, Morogoro, 2004 hadi 2009. Mashine zangu zilikuwa na ramu ya megabaiti 128 na gemu pekee la maana lililokubali kufunguka ni hilo, kwa sababu lilikuwa linakaa ndani ya brauza kwa Java. Hakuna kuinstoli. Vijana walinimalizia kibodi kwa kuuza magogo.

Tukirudi kwenye swali lako, utanichukia lakini ngoja niseme. Zaros hakuonewa na Zamorak wala Saradomin. Zaros hakuwepo. Gemu lilianza na miungu watatu: Saradomin, Zamorak, Guthix. Baadaye waandishi wakataka mungu wa nne mwenye siri. Utamwingizaje mungu mwenye himaya kubwa kuliko zote kwenye dunia ambayo watu wameshaizunguka miaka kadhaa na hawajaona hata sanamu yake? Unasema "historia yake ilifutwa." Ni kiraka tu hicho. Kiraka kizuri, nakubali, ila kiraka.

#4 Mzee_wa_Varrock

Fundi, hilo la kiraka nimelisikia sana. Lakini hata kama ni kiraka, mtu aliyevaa nguo hatembei akisema "hiki ni kiraka." Ndani ya Gielinor, dunia yenyewe ya gemu, jambo lilitokea. Nauliza ndani ya Gielinor.

#5 Mfuasi_wa_Machafuko

Naingia kumtetea Zamorak kwa sababu kila uzi wa aina hii anapigwa peke yake.

Jiulizeni Mahjarrat ni nani. Ni kabila la wapiganaji kutoka dunia nyingine. Waliletwa na Icthlarin, mungu wa wafu wa jangwani, ili wamsaidie kupigana na himaya ya Zaros. Walipofika wakamgeuka Icthlarin, wakahamia kwa Zaros. Na Zaros akawapokea kwa mikono miwili, akawapa vyeo. Zamorak ni mmoja wao. Sasa wewe umewapokea watu waliomsaliti tajiri wao wa jana, halafu unashangaa kusalitiwa? Mkuki kwa nguruwe.

Halafu Zamorak alikuwa mtumishi. Wengine wote mnaowaita miungu walikuwa miungu tayari tulipowakuta. Yeye alipanda kutoka chini kwa mikono yake. Mimi hapo namwelewa kuliko Saradomin na ndevu zake.

#6 Kamba_wa_Karamja

Zamorak alimuua Zaros peke yake tena kwa silaha yake mwenyewe, hapo lazima umpe heshima. Mwanaume.

#7 Mzee_wa_Varrock

Kamba, makosa matatu ndani ya sentensi moja, umevunja rekodi.

Kwanza hakumuua. Zaros alipoteza mwili, hakufa, na ndiyo maana mfuasi wake Azzanadra aliyefungiwa ndani ya piramidi jangwani bado anamsubiri. Pili hakuwa peke yake. Alikuwa na Mahjarrat wenzake, kina Hazeel na Zemouregal na Enakhra, na yule mwanadamu Viggora. Tatu fimbo haikuwa yake. Inaitwa fimbo ya Armadyl, jina tu lingekutosha.

#8 Kamba_wa_Karamja

Sawa mwalimu. Mimi kwenye mazungumzo nabonyeza spesi kuruka maneno mpaka kwesti iishe.

#9 Mzee_wa_Varrock

Nilijua. Watu wa spesi mnajulikana kwa harufu.

#10 BintiMvita

Salaam. Mwabishana juu ya Zamorak na Zaros na mwenye makosa yuwapo wala hamumtaji. Guthix.

Guthix ndiye aliyeikuta hii dunia ikiwa tupu, akaifungua, akawaleta watu ndani. Kisha akaenda kulala. Miungu wengine wakaingia kama wageni wa harusi wasioalikwa, wakapigana karibu miaka 4000, naye yu ndotoni. Alipoamka nusu ya nchi ishakuwa majivu. Akawafukuza wote, akaweka amri zake, akarudi kulala! Mlezi gani huyo? Mie nilipoicheza ile kwesti ya 2013 anapouawa, sikutoa chozi. Mwenzangu tuliyekuwa twacheza naye alilia. Mie nilikwenda kupika.

#11 Rafiki_wa_Guthix

Dada BintiMvita, Guthix hajafa. Amelala. Sijui umeyapata wapi hayo ya kuuawa. Nacheza kila wiki na hakuna kitu kama hicho.

#12 BintiMvita

Amekufa kaka yangu. The World Wakes, Machi 2013. Sliske, Mahjarrat mmoja, alimchoma kwa ileile fimbo ya Armadyl. Nilikuwepo nimesimama hapo.

#13 Rafiki_wa_Guthix

Hapana. While Guthix Sleeps imetoka juzijuzi tu, 2024, na jina lenyewe linasema analala. Angekuwa amekufa 2013 wangeiitaje hivyo 2024?

#14 BintiMvita

Juzi? Ile ni ya 2008! Ndiyo kwesti ya kwanza kupewa daraja la juu kabisa. Mie niliisubiri kama mfungo.

#15 Fundi_Saiba

Hahaha, jamani simameni. Mnagombania maiti ya mtu aliye usingizini, na wote wawili mko sahihi.

Magemu ni mawili. Novemba 2012 kampuni ilibadilisha mfumo mzima wa kupigana, wachezaji wakaondoka kwa makundi. Februari 2013 wakafungua Old School, iliyotokana na nakala ya zamani ya gemu ya Agosti 2007. Lile lililoendelea likaja kuitwa RuneScape 3. Tangu hapo hekaya zimegawanyika njia panda. Kwa BintiMvita, Guthix kafa, amri zake zimevunjika, miungu imerudi, ni Zama za Sita. Kwa Rafiki bado ni Zama za Tano na mzee anakoroma. Na While Guthix Sleeps ilitoka 2008 kwenye gemu la kwanza, ikaandikwa upya 2024 kwa ajili ya Old School.

#16 Kamba_wa_Karamja

Kumbe ndiyo maana ile nakala ya 2007 ina lile pango la God Wars Dungeon, mimi siku zote nashangaa.

#17 Fundi_Saiba

Haikuwa nayo. Nakala ni ya tarehe 10 Agosti 2007, God Wars Dungeon ilitoka tarehe 28 Agosti. Siku 18! Old School wakaja kuiongeza Oktoba 2013. Wewe Kamba unaandika kwa spesi pia?

#18 Rafiki_wa_Guthix

Dada samahani, nilipandisha sauti. Lakini sasa nimeumia zaidi. Kumbe kuna ulimwengu ambao ameshakufa.

#19 BintiMvita

Pole. Upande wenu mwambieni aamke mapema.

#20 Mtoto_wa_Muscat

Wazee habari zenu. Mimi nipo Muscat, nyumbani tunasema Kiswahili cha bibi, mnivumilie.

Nacheka peke yangu kwa sababu mmetaja jangwa na hakuna aliyetaja Pollnivneach. Mji mzima kila mtu anaitwa Ali! Ali mwenye baa, Ali mwenye ngamia, Ali muuza kababu, Ali mlevi, Ali meya, hata yule bibi mchawi ni Ali. Mdogo wangu, ambaye jina lake mnaweza kulikisia, alikasirika siku nzima. Baba akamwambia, "Wewe nenda Matrah ukaite Ali uone wangapi watageuka."

Lakini mzaha huohuo ndio waliouficha siri. Yule Ali Mwenye Hekima wa Nardah, mzee mpole anayekusimulia habari za Mahjarrat, baadaye unakuja kugundua ni Wahisietel, naye ni Mahjarrat. Amejificha kwa jina ambalo kila mtu analo. Mimi nilipofika hapo niliacha kipanya nikasimama.

#21 Mzee_wa_Varrock

Mtoto wa Muscat, hiyo ndiyo raha yenyewe ninayoisema. Wanakuchekesha miaka minne kwa mzaha mmoja, kisha mzaha unageuka ufunguo. Na zingatieni: Wahisietel ni mfuasi wa Zaros. Mfuasi wa mungu aliyefutwa anaishi kwa jina lisiloonekana. Mwandishi aliyepanga hivyo ningemwombea pepo.

#22 Mkaramojong_Halisi

Mimi wa Uganda, Kiswahili changu cha barabarani. Swali: nani alipa kisiwa jina Karamja? Kwetu kuna Karamoja na sisi tuna ng'ombe, siyo ndizi. Nilifika pale nikatafuta ng'ombe, nikapewa kazi ya kuchuma ndizi.

#23 Kamba_wa_Karamja

Usiguse Karamja. Pale ndipo nilipotajirika. Unavua, unalipa nauli ya meli sarafu 30, unauza. Hiyo ndiyo hekaya yangu mimi.

#24 Mkaramojong_Halisi

Na wale watu wa msituni, Tai Bwo Wannai. Mikuki, sketi za majani, vinyago. Mimi nilicheka lakini ndugu yangu hakucheka.

#25 BintiMvita

Ndugu yako ana haki. Wazungu wa Falador wana majumba na mashujaa wa deraya, sie wa msituni twapewa kinyago. Ila nikisema haki, hekaya ya pale kijijini Shilo ni nzito kupita nyingi za Falador. Rashiliyia, malkia aliyempoteza mwanawe akataka kumrejesha, akaishia kufufua maiti za mji mzima. Ile haina mzaha. Aliyeandika maneno na aliyechora nguo si mtu mmoja, nadhani.

#26 Fundi_Saiba

Tumepotea njia, lakini hapa kwenye kupotea kuna jambo. TzHaar mnawakumbuka? Wale watu wa mawe ya moto ndani ya volkano ya Karamja, 2005. Wana lugha yao. Mgeni wanamwita JalYt. Mlinzi ni Ket, mganga ni Mej. Majina yao yanaunganishwa vipandevipande, ukikijua kipande unajua kazi ya mtu. Kijana mmoja saibani kwangu aliijaza daftari zima akisema "hii ni kama m- na wa-, afande." Sijui kwa nini alikuwa ananiita afande. Sasa ni mwalimu wa Kiswahili.

#27 Sindano_ya_Shaba

Mimi nilijifunzia Kiingereza humohumo. Neno la kwanza gumu nililolijua maana yake kabla ya mwalimu ni lile la "usaliti."

#28 BintiMvita

Jina lako Sindano ya Shaba limenikumbusha. Hii habari ya Zaros si ngeni kwetu. Fumo Liyongo! Hadi leo pwani twasimulia. Mkuki haumwingii, mshale haumwingii, akaja kuuawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba ya kitovu, baada ya Sultani wa Pate kumtia kijana tamaa. Mtu mkubwa haangushwi na adui. Huangushwa na mtu wa ndani aliyepewa silaha na mtu wa nje.

#29 Mfuasi_wa_Machafuko

Mfano mzuri lakini haukai. Mtoto wa Liyongo alihongwa. Zamorak nani alimhonga? Alijiamulia mwenyewe.

#30 Mzee_wa_Varrock

Hapo ndipo nilikuwa nawasubiri, na hapo ndipo watu wa spesi wanapoangukia. Mfano wa BintiMvita unakaa barabara.

Kuna kwesti ndogo inaitwa Curse of Zaros. Haina zawadi ya maana, nguo tu za kizuka, ndiyo maana wengi hawaifanyi. Unahitaji pete ya kuonea visivyoonekana, ile anayokupa Rasolo ndani ya Desert Treasure, na hirizi ya kusemea na mizimu. Ukivaa vyote viwili unaanza kuwaona. Wapo sita, wametapakaa dunia nzima, wamelaaniwa na Zaros wakati anaanguka: wasionekane, wasisikike, wasife. Kila mmoja ana kipande cha hadithi.

Valdez aliiokota fimbo akitaka kuipeleka kwa Saradomin. Rennard mwizi akamwibia njiani. Kharrim, mjumbe wa Zamorak, akapata habari zake. Lennissa, sasa msikilizeni huyu, ni jasusi wa Saradomin ndani ya kambi ya Zamorak. Akaliona jambo lote, akapeleka taarifa. Na kwa Saradomin hawakusema "zuieni." Akapelekwa Dhalak, mchawi, akaifunika fimbo kwa uganga ili Zaros asiihisi ikikaribia. Viggora ndiye aliyesimama ukumbini siku yenyewe.

Sultani wa Pate ndiye huyo. Ndiyo maana nasema alionewa. Maadui wawili wa milele waliungana kwa siku moja, wakamaliza kazi, wakarudi kuuana kwa miaka 4000 na kuwaambia watu wote kwamba dunia imekuwa hivi siku zote, mwema huku mbaya kule.

#31 Sindano_ya_Shaba

Nimepata baridi mgongoni na niko Dodoma saa saba mchana.

#32 Mfuasi_wa_Machafuko

Mzee, umepanga vizuri, lakini tazama mashahidi wako. Wote sita ni wahusika wa tendo, wote wamelaaniwa, wote wamekaa peke yao maelfu ya miaka wakiirudia hadithi moja kichwani. Mahakama gani ingewapokea? Kila mmoja anajitoa. Valdez "aliibiwa." Kharrim "alitumwa." Hakuna anayesema mimi ndiye.

Na laana yenyewe inakuambia Zaros ni nani. Rennard ni mwizi wa njiani tu, hakujua hata alichoiba. Adhabu yake kutoonekana milele? Huyo ndiye mungu mnayemwonea huruma?

#33 Mtoto_wa_Muscat

Hapo kwa Rennard, kweli, mimi siku zote linanikaa vibaya.

#34 Fundi_Saiba

Na mimi narudi na kiraka changu. Angalieni tarehe. Desert Treasure 2005, Curse of Zaros ikafuata punde. Ndani ya mwaka mmoja mungu ambaye hakuwepo amepata himaya, msaliti, mashahidi sita na uganga wa barafu ambao kila muuaji wa Wilderness, eneo la wachezaji kuuana, anautumia bila kujua ulitoka wapi. Baadaye God Wars Dungeon, baadaye Nex, jemadari wake mwingine. Kila wakipungukiwa stori wanachimba hapohapo. 2023 Old School wametoa Desert Treasure II, majitu manne mapya, himaya ileile. Zaros si mungu, Zaros ni kisima.

#35 Rafiki_wa_Guthix

Kisima ndipo alipofia Liyongo pia. Alipiga goti na uta wake, watu wakaogopa kuteka maji siku nyingi wakidhani bado yu hai. Samahani, nimekumbuka tu.

#36 BintiMvita

Usiombe radhi, hilo ndilo zuri kuliko yote yaliyosemwa humu.

#37 kibandaumiza07

Mimi nilikuja kutania lakini nina kesi yangu. 2006 nilikuwa na deraya nzima ya runi, miezi minne ya jasho, nimemuua Elvarg yule dragoni wa Crandor ili niruhusiwe kuvaa kifua chake. Akaja mtu Varrock akasema anatia mapambo ya dhahabu bure. Nikampa. Naomba niingizwe kwenye orodha ya waliosalitiwa, namba saba baada ya Rennard.

#38 Kamba_wa_Karamja

Ulimpa mwenyewe kwa mkono wako?

#39 kibandaumiza07

Alisema "bro trust."

#40 Fundi_Saiba

Huyo kijana nadhani alikuwa mashine namba 6 kwangu. Siku hiyo alinunulia wote soda.

#41 kibandaumiza07

NAKUJA MOROGORO.

#42 Chumvi_ya_Magadi

Wasee, nimesoma uzi wote kutoka juu. Mimi nimefanya Desert Treasure mwaka jana kwa simu, kwa matatu, nikienda kazini. Na yule mtoto wa troli analia barafuni wazazi wake wamegandishwa, nilishuka stendi mbili mbele ya kwangu.

Nataka kuuliza Mzee. Wewe uliisoma miaka tisa kabla ya kuicheza. Ulipoicheza ikawaje? Ilikuwa kama ulivyofikiria?

#43 Mzee_wa_Varrock

Chumvi, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Hapana, haikuwa. Piramidi ni dogo. Kichwani mwangu lilikuwa linafika mawinguni. Azzanadra nilimpa sauti ya marehemu babu yangu wakati naisoma, na kwenye skrini hana sauti kabisa, ni maandishi tu. Nilikuwa na leseni ya udereva, mke na kadi mbili za benki, na nilipopita lile geti la Taverley mara ya kwanza halikutoa hata mlio. Linafunguka tu. Nilirudi nje nikalipita tena.

Lakini kuna kimoja ambacho karatasi hazikunipa. Nilipotoka kwenye piramidi nilirudi kambini kwa majambazi nikiwa sijavaa nguo ya mungu yeyote. Nikasimama tu katikati yao. Hawakunigusa. Nilikaa kama robo saa.

#44 Mfuasi_wa_Machafuko

Mzee bado unakosea kuhusu Zaros lakini nimekupa laiki.

#45 BintiMvita

Mie upande wangu wa RuneScape 3 Zaros karudi na mwili wake, na nikwambie, ukimsikiza mwenyewe akisema, baridi yake si ya mtu aliyeonewa. Haombi huruma, wala hakasiriki. Apanga tu. Huenda nyie wa Old School mwampenda kwa sababu kwenu bado hajafungua mdomo.

#46 Mzee_wa_Varrock

Huenda. Na mimi sitaki aufungue.

#47 Kamba_wa_Karamja

Wakuu nina tangazo. Jana usiku sikubonyeza spesi. Nimeenda kwa Rasolo, nikamletea msalaba wake wa dhahabu, nimepata pete. Nimemkuta Valdez jirani na kaburi la Glarial. Nimesoma yote aliyosema, mara mbili. Ameniambia nimtafute Rennard. Yuko wapi?

#48 Mzee_wa_Varrock

Hongera Kamba. Valdez yuko palepale kwa kila mtu. Kuanzia Rennard, kila mchezaji mizimu yake inakaa sehemu tofauti. Wangu hawezi kukusaidia.

#49 Kamba_wa_Karamja

Sasa nizunguke dunia nzima nimevaa pete?

#50 Mzee_wa_Varrock

Ndiyo. Anzia bandarini, mwizi haendi mbali na meli.